Waraka kwa wauza monita zilizopinda

Kwa waheshimiwa watengenezaji, waagizaji na wauzaji wa monita za kompyuta zilizopinda, kuanzia viwandani hadi Kariakoo na Luthuli Avenue.

Nawaandikia kama mteja ambaye monita yake inafanya kazi mbili: mchana maandishi na mahesabu, usiku gemu. Wateja wenu wengi wako hivyo hivyo. Mwanafunzi wa chuo hanunui monita moja ya gemu na nyingine ya kuandikia tasnifu. Ananunua moja, kwa fedha alizodunduliza, na atakaa nayo miaka. Kwa ajili yake naomba mnisikilize, nami nitajitahidi kusema kwa upole, ingawa baadhi ya ninayoyasema si matamu.

Neno langu ni moja. Mpindo ni dawa ya upana. Skrini ikiwa pana mno, mpindo unaisaidia. Ikiwa ya kawaida, mpindo hauna cha kutibu. Ninyi mnalijua hili kuliko mimi, kwa kuwa paneli mnazikunja wenyewe. Lakini dukani mpindo umegeuzwa kuwa cheo: iliyopinda ndiyo ya gemu, iliyonyooka ni ya ofisini, na kijana anashawishiwa alipie hiyo tofauti.

Tuanze na namba ambayo mara nyingi mnaichapa kwa herufi ndogo kuliko zote kwenye boksi, kama mnaichapa. 1800R maana yake ni kwamba mpindo ule ukiendelezwa hadi uwe duara kamili, kutoka katikati ya duara mpaka kwenye kioo ni milimita 1800, yaani mita 1 na sentimita 80. 1500R ni mita moja na nusu, 1000R ni mita moja. Namba ikipungua, mpindo unazidi. Mteja mgeni huelewa kinyume, na wauzaji wengi hawajisumbui kumsahihisha, kwa sababu yeye anadhani amepata zaidi na wao wameshauza.

Monita ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53. Ikipindwa kwa 1800R, kingo zake zinakuja mbele sentimita 2 tu. Ya inchi 27, yenye upana wa karibu sentimita 60, kingo zinakuja mbele sentimita 2 na nusu. Mpindo huo mdogo ndio unaotangazwa kwa herufi kubwa mbele ya boksi. Hesabu yake ni jometri ya sekondari, haina siri yoyote ya kiwandani.

Sasa mkalisheni mtu sentimita 70 kutoka kwenye kioo, umbali wa kawaida wa mtu na meza yake. Kwa inchi 27 iliyonyooka, ukingo uko mbali na jicho kuliko katikati kwa sentimita 6 hivi. Ipindeni kwa 1800R, tofauti inashuka hadi chini kidogo ya 4. Mtu anayesoma gazeti lililofunguliwa kurasa mbili ameishi na tofauti kama hiyo maisha yake yote bila kulalamika.

Nendeni kwenye inchi 34 ya uwiano wa 21 kwa 9, yenye upana wa karibu sentimita 80, mambo yanabadilika. Ikinyooka, kingo zinakuwa mbali kuliko katikati kwa zaidi ya sentimita 10, na jicho linazitazama kwa mshazari. Ikipindwa kwa 1800R, tofauti inashuka hadi sentimita 6 na nusu. Naomba mlitazame hilo vizuri. Baada ya kupindwa kote huko, inchi 34 ndiyo kwanza inakaribia pale ambapo inchi 27 iliyonyooka ilikuwa tangu ilipotoka kiwandani. Samsung Odyssey G9 ya mwaka 2020, ya inchi 49 na uwiano wa 32 kwa 9, ina upana wa karibu mita 1 na sentimita 20. Ingekuwa imenyooka, kingo zake zingekuwa mbali zaidi kwa sentimita 22. Kwa mpindo wake wa 1000R zinabaki sentimita 7 hivi. Hapo nawapa heko bila kinyongo. Kifaa kipana namna ile kisingetumika kwa raha kikiwa kimenyooka.

Mlianza vizuri na vibaya mwaka mmoja. Mwaka 2014 LG ilitoa 34UC97, inchi 34 iliyopinda kwa sababu inayoeleweka. Mwaka huohuo Samsung ikatoa inchi 27 ya pikseli 1920 kwa 1080, iliyopindwa kwa 4000R, mpindo wa sentimita moja na kidogo. Ya pili haikuwa na tatizo la kutatua. Na huko nyuma, mwaka 2013, kampuni hizo mbili zilikuwa zimetuletea televisheni zilizopinda, nazo baada ya miaka michache zikatoweka madukani. Familia inatazama televisheni ikiwa imetawanyika sebuleni, mmoja kwenye kochi, mwingine mkekani, mwingine mlangoni na sahani mkononi, na mpindo unamhudumia aliyekaa katikati peke yake. Somo mlilipata sebuleni, lakini mezani hamkulitumia.

Kuna tangazo lenu moja linalonikera kwa dhati, lile linalosema kwamba mpindo wa 1000R unalingana na mpindo wa jicho la binadamu. Jicho la mtu mzima lina kipenyo cha milimita 24 hivi. Nusu yake ni 12. Kati ya 12 na 1000 hakuna kulingana kokote. Lililo kweli ni kwamba mtu akikaa mita moja kamili mbele ya kioo cha 1000R, kila sehemu ya mstari wa katikati wa kioo hicho iko umbali sawa naye. Hilo lina maana, na lingetosha kusemwa hivyo. Ila mngelisema hivyo, mteja angeuliza swali la pili: nani anakaa mita nzima kutoka kwenye monita ya inchi 27?

Nije kwenye jambo ninaloliona zito kuliko mpindo wenyewe, nalo ni aina ya paneli. Nyingi kati ya monita zenu zilizopinda za bei ya kati na ya chini zimetengenezwa kwa paneli ya VA. Si siri kwa nini: VA inavumilia kukunjwa bila kuvujisha mwanga pembeni kuliko paneli ya IPS. Na VA ina sifa yake ya haki. Weusi wake ni mweusi kweli, kwa kuwa uwiano kati ya nyeupe na nyeusi hufika 3000 kwa 1, wakati IPS za kawaida huwa kwenye 1000 kwa 1. Chumba kikiwa giza, filamu kwenye VA inapendeza. Hata mpindo unaisaidia hapo kidogo, kwa sababu VA hubadilika rangi ikitazamwa kwa pembeni, na kingo zikigeuzwa kuelekea jichoni badiliko hilo linapungua.

Lakini VA ya bei nafuu ina ugonjwa ambao hamuutaji. Pikseli zake huchelewa kutoka kwenye weusi kwenda kwenye kijivu cheusi. Badiliko hilo moja linaweza kupita milisekunde 20, wakati kwenye hezi 144 picha mpya inaingia kila baada ya milisekunde 7. Pikseli haijamaliza kazi ya picha ya kwanza, tayari ya pili na ya tatu zimeshapita. Ndiyo maana mchezaji akikimbia kwenye korido ya giza anaona vivuli vinaburuzika nyuma ya vitu, kama wino uliopanguswa kabla haujakauka. Kijana anadhani kadi yake ya grafiki imechoka. Anaanza kutafuta fedha za kadi mpya, na tatizo liko kwenye monita mliyomwambia ni ya gemu.

Juu ya boksi la monita hiyohiyo mmeandika milisekunde 1. Ni vizuri wasomaji wa waraka huu wajue namba hiyo inatoka wapi. Kuna vipimo viwili. Kimoja, GTG, kinapima pikseli inachukua muda gani kuhama kutoka kijivu kimoja hadi kingine, na mtengenezaji huchagua kijivu kilichompendeza. Cha pili, MPRT, kinapima picha inabaki machoni muda gani. Kwenye monita ya hezi 144 isiyozimazima taa, picha inabaki milisekunde 7 hata pikseli zingekuwa na kasi ya umeme. Njia pekee ya kuishusha hadi 1 ni kuwasha na kuzima taa ya nyuma kwa kasi, jambo linalopunguza mwangaza, huwachosha macho baadhi ya watu, na kwa monita nyingi haliwezekani pamoja na FreeSync au G-Sync, teknolojia za kulinganisha kasi ya monita na ya kadi ya grafiki. Mteja anaambiwa ana milisekunde 1 na ana FreeSync. Anavyo vyote viwili, ila si kwa wakati mmoja. Nawaomba kwa heshima mlitamke hilo dukani kwa sauti ileile mnayotamkia namba.

Neno HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa kati ya mwanga na giza, nalo limeteswa. VESA, chombo cha viwango vya skrini, ilianzisha vyeti vya DisplayHDR mwishoni mwa 2017, na cheti cha chini, DisplayHDR 400, kinadai mwangaza wa niti 400. Monita ya niti 250 iliyobandikwa HDR bila cheti inapokea tu ishara ya HDR. Haina nguvu ya kuionyesha. Nisiende mbali zaidi hapo.

Turudi kwa mwanafunzi wetu mchana, amefungua sura ya tatu ya tasnifu. Monita ya inchi 27 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 82 kwa kila inchi. Ni chache kuliko monita ya ofisi ya inchi 24 yenye pikseli zilezile, ambayo ina 92. Herufi zinaonekana na meno pembeni. Inchi 27 ya 2560 kwa 1440 ina 109, na hapo maandishi yanatulia. Inchi 34 ya 3440 kwa 1440 ina 110. Kwa anayesoma saa sita kwa siku, tofauti ya 82 na 109 inaonekana kila dakika, wakati mpindo anausahau ndani ya wiki. Hata hivyo madukani naona inchi 27 iliyopinda ya 1080 imewekwa mbele, ikicheza video ya samaki wa rangi, na iliyonyooka ya 1440 imewekwa nyuma ikiwa imezimwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wala si za bei ndogo peke yake. LG 45GR95QE ya OLED, inchi 45 iliyopindwa kwa 800R, ina pikseli 3440 kwa 1440, yaani 84 hivi kwa inchi. Fedha nyingi, rangi nzuri ajabu, kasi ya hezi 240, na maandishi ya kiwango cha inchi 27 ya bei rahisi. Alienware AW3423DW ya mwaka 2022, inchi 34 ya 1800R, ilisifiwa na wachezaji na ilistahili. Lakini nukta za rangi ndani ya kila pikseli yake zimepangwa kwa umbo la pembetatu badala ya mstari, na kingo za herufi hutoa rangi ya kijani na zambarau kwa mbali. Pia OLED yoyote inaweza kuachiwa alama na kitu kisichohama: upau wa chini wa Windows, mistari ya Excel, nembo ya stesheni. Mtu wa gemu tupu anaweza kuishi na hayo. Mhasibu anayecheza usiku anastahili kuambiwa kabla hajalipa.

Kuna matumizi ambayo watangazaji wenu, nadhani, hawajawahi kuyaona, nayo huku kwetu ni ya kila siku. Monita inatazamwa na zaidi ya mtu mmoja. Kwenye vibanda vya gemu mtaani, wawili wanakaa bega kwa bega na pedi mikononi, wengine watatu wamesimama nyuma wakisubiri zamu. Nyumbani, kompyuta ya kaka ndiyo televisheni ya chumba. Hapo mpindo mkali unampendelea mmoja na kuwaibia wengine, na ikiwa ni VA, aliyekaa pembeni anaona nyasi za uwanja zimepauka. Zaidi ya hilo, PS5 haitoi picha ya 21 kwa 9. Mwenye kibanda akiuziwa monita pana kwa ajili ya konsoli hiyo, atapata mistari miwili myeusi pembeni, na ameilipia. Hata kwenye kompyuta, gemu ya mashindano kama Valorant hairuhusu upana huo kukupa uwanja zaidi wa kuona. Gemu za mbio za magari, za ndege na za kuzunguka ulimwengu mkubwa ndizo zinazofaidi, na mchezaji wa hizo akijiwekea inchi 34 iliyopinda, ninamwelewa kabisa.

Mchora ramani za nyumba naye asisahauliwe. Kazi yake yote ni kuuliza kama mstari umenyooka, na ninyi mnampa kioo kinachoupinda.

Halafu meza. Mnapopiga picha za matangazo, meza yenu ina kina cha mita nzima na ukuta uko mbali. Meza ya fundi wa mtaani ina kina cha sentimita 60. Stendi za monita zilizopinda zina miguu iliyotanuka kama V, na nyingi hula zaidi ya sentimita 20 za meza. Kioo kinasogea mbele, mteja anajikuta pua iko kwenye pikseli, kisha anaambiwa anunue mkono wa chuma wa kuishikilia ukutani. Basi boksi liseme wazi kama nyuma kuna matundu ya kiwango cha milimita 100 kwa 100, na monita bila stendi ina kilo ngapi.

Mtauliza mimi ningemshauri nini huyo mwanafunzi. Kwa kazi mbili zile, inchi 27 iliyonyooka, ya 2560 kwa 1440, IPS, hezi 144 au zaidi, stendi inayopanda na kushuka, na tundu la DisplayPort, kwa sababu HDMI ya zamani inaweza kumbania kasi aliyoilipia bila yeye kujua. Akiwa na meza yenye kina, anakaa peke yake, anapenda gemu za kusafiri na kadi yake ina nguvu, achukue inchi 34 ya 1500R au 1800R na aifurahie. Ajue tu kwamba 3440 kwa 1440 ni pikseli karibu milioni 5 dhidi ya milioni 3.7 za 2560 kwa 1440, mzigo wa ziada wa theluthi moja kwa kadi ileile. Inchi 24 iliyopinda sioni wa kumshauri. Kama bei ni sawa na ya iliyonyooka na paneli ni nzuri, haimdhuru. Lakini asiongeze hata shilingi kwa sababu ya mpindo.

Wauzaji wa rejareja, ninyi mnaotuita bosi tukiingia na kutupatia kiti, lawama zenu ni ndogo kuliko za viwanda, kwa kuwa nanyi mnapokea mabeji yaliyoshachapwa. Lakini ninyi ndio mnaotazamana na mteja. Akiuliza, mwambieni R ni ngapi, paneli ni ipi, pikseli ni ngapi kwa inchi, na milisekunde 1 hiyo ni ya kipimo gani. Mruhusuni afungue hati ya maandishi na picha nyeusi tupu, si samaki. Mwashieni monita mbele yake kabla ya kufunga boksi, kwa sababu kioo kilichopinda kimesafiri kutoka mbali na kona zake ndizo zinazobanwa njiani, na paneli ikipasuka, kubadilisha kunakaribia bei ya monita mpya. Na garantii iandikwe kwenye risiti, kwa muda unaosomeka.

Najua jibu litakalokuja: wateja wenyewe ndio wanaoupenda mpindo. Atakayenijibu hivyo, namwomba kwanza aziweke mbili jirani dukani kwake kwa bei moja, inchi 27 iliyopinda ya VA yenye 1080 na inchi 27 iliyonyooka ya IPS yenye 1440, zote zimewashwa, zote zinaonyesha ukurasa uleule wa maandishi na gemu ileile ya giza. Aziache mwezi mmoja. Kisha aniandikie wateja wamebeba ipi.

Wasalaam,
Mteja wenu, Dar es Salaam